Kusoma Sayansi na Afya kwa Pamoja Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Anayependa maabara na wadi kwa kiwango kimoja huambiwa achague. Mwalimu humsukuma kwenye udaktari, wazazi humtakia uuguzi, naye moyoni anataka jenetiki. Njia ya kushika yote mawili ipo, ila haina jina moja, na haipatikani kwa kujaza kozi mbili kwenye fomu. KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, humpangia mtu kozi moja, na pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huifuata kozi hiyo moja. Kuunganisha ni kazi ya kupanga, na mpango huo huanzia mwisho wa safari: ukimaliza, nani atakuruhusu kufanya kazi gani?

Anza na bodi, jina la kozi baadaye

Sayansi tupu haina leseni. Mwenye shahada ya baiolojia au kemia huajiriwa kwa ujuzi wake. Upande wa afya mambo ni mengine: karibu kila taaluma ina bodi au baraza lililoundwa kwa sheria, na asiye kwenye rejesta haruhusiwi kumgusa mgonjwa wala sampuli yake. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi la Kenya. Maafisa wa kliniki wana baraza lao chini ya sheria ya 2017. Wanamaabara wa hospitali wako chini ya KMLTTB, bodi iliyotokana na sheria ya 1999. Wataalamu wa lishe wana KNDI, na maafisa wa afya ya umma wana baraza lao tangu sheria ya 2013.

Wengi huumia hapa, na huumia wakiwa wamechelewa. Biomedikali na sayansi ya maabara ya tiba zinasikika kama pacha. Uniti zake za mwaka wa kwanza na wa pili hukaribiana sana, na hata mhadhiri anaweza kuwa yuleyule. Lakini ya kwanza hulenga utafiti, ya pili hulenga benchi la hospitali. Neno "tiba" au "biomedikali" kwenye cheti halikupi leseni. Kinachokupa leseni ni kozi kuwa imeidhinishwa na bodi husika, katika chuo husika, na mara nyingine katika kampasi husika.

Kabla ya kuchagua, fanya hivi:

1. Andika kazi mbili unazoweza kuzifanya ukiwa na miaka 26, kwa maneno ya kawaida: "kupima damu hospitalini", "kutafiti dawa za malaria".
2. Kwa kila kazi, tafuta bodi inayoisimamia. Isipokuwa na bodi, andika "hakuna".
3. Fungua tovuti ya bodi hiyo uone orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Linganisha jina la kozi neno kwa neno na lile la KUCCPS. "Sayansi ya maabara ya tiba" na "bioteknolojia ya tiba" ni kozi mbili tofauti, hata zikifundishwa chuo kimoja.
4. Chapisha ukurasa huo ukiwa na tarehe. Uidhinishaji huwa na muda wake, na orodha ya leo si lazima iwe ya miaka minne ijayo.
5. Chuo kikikuambia "tuko kwenye mchakato na bodi", chukulia kwamba kozi haijaidhinishwa. Mchakato huo unaweza kuisha kabla hujahitimu, na unaweza usiishe.

Mzazi anayesoma haya kwa niaba ya mtoto aliye Gredi ya 10: uamuzi umesogezwa mbele. Kundi la kwanza la CBC liliingia shule ya upili ya juu Januari 2026, na anayetaka njia hii anapaswa kuwa kwenye mkondo wa STEM akiwa na Biolojia na Kemia. Kuacha Kemia Gredi ya 10 ni kufunga mlango ambao hakuna diploma itakayoufungua kwa urahisi.

Njia nne, na ipi inamfaa nani

Njia ya kwanza ni kozi moja ambayo tayari imechanganya. Ukanda huu hauna uhaba. Maseno na Egerton zina biomedikali. Masinde Muliro pale Kakamega ina sayansi ya maabara ya tiba na bioteknolojia ya tiba. Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo hufundisha afya ya umma. Njia hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu chuo ndicho kimefanya kazi ya kuunganisha: ratiba haigongani na uniti zimepangwa kwa mfuatano. Udhaifu wake ni kwamba huchagui kiasi. Ukitaka takwimu zaidi na anatomia kidogo, utajazia mwenyewe nje ya darasa.

Ya pili ni kushika shahada yenye leseni (uuguzi, kliniki, maabara ya tiba), kisha kuongeza sayansi kupitia uniti za hiari, mradi wa mwaka wa mwisho na shahada ya uzamili. Kwa mtu ambaye nyumbani hakuna pesa za kusubiri, tunapendekeza hii bila kusita. Leseni hulipa kodi ya nyumba huku ukisoma epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea) au baiolojia ya molekuli jioni. Egerton ina Kitivo cha Sayansi ya Afya mjini Nakuru, karibu na hospitali kuu ya rufaa ya kaunti. Kabarak ina kozi za kliniki na famasia, na Kisumu kuna Uzima. Mbili hizi za mwisho ni vyuo vya binafsi, kwa hiyo uliza karo yote hadi mwaka wa mwisho, pamoja na ada za hospitali, wala si ya semesta ya kwanza peke yake.

Ya tatu ni kinyume chake: shahada ya sayansi kwanza, kisha diploma ya afya, labda KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambacho kina kampasi Kisumu, Nakuru na Kakamega. Hii huchukua miaka mingi kuliko nyingine, kwa sababu diploma ya taaluma yenye bodi haikusamehei sana hata ukija na shahada. Inamfaa aliyekosa alama za kozi ya afya lakini akapata C+ ya kuingia chuo kikuu.

Ya nne ni shahada pacha ya nje. Australia ndiyo yenye mazoea nayo zaidi: mwanafunzi husoma sayansi na sayansi ya afya pamoja na kuhitimu na shahada mbili. Hesabu yake si uchawi. Katika Chuo Kikuu cha Monash, kwa mfano, mwaka mmoja wa kawaida una pointi 48, yaani uniti 8 za pointi 6. Shahada ya miaka mitatu ina pointi 144. Mbili zingekuwa 288, miaka sita. Shahada pacha huzibana hadi 192, miaka minne. Pointi 96 zinazokatwa ni uniti za hiari za kila upande, pamoja na uniti zinazohesabiwa mara mbili kwa kuwa zinahitajika pande zote. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kupotea. Mwanafunzi wa shahada moja akichagua uniti isiyomfaa huiita ya hiari na kuendelea; wa shahada pacha huongeza semesta.

Tahadhari mbili kwa anayeiwazia hiyo ya nne. Shahada iitwayo "sayansi ya afya" huko mara nyingi ni ya sera, kinga na uhamasishaji wa afya, na haimfanyi mtu muuguzi wala mwanamaabara. Ukirudi Kenya, CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, inaweza kuitambua shahada hiyo na bado bodi ikakataa kukuandikisha. Hayo ni maswali mawili tofauti kwa ofisi mbili tofauti. Na gharama huanza kabla ya ndege: ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ya Australia ilitoka dola 710 za huko hadi 1,600 Julai 2024, kisha 2,000 Julai 2025, na hairudishwi ukinyimwa.

Pointi za klasta

Pointi za klasta ni alama ambazo KUCCPS hutumia kupanga waombaji wa kozi, zikitokana na masomo yanayohitajika na kozi hiyo. Kozi za afya hutazama Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha somo la nne, ambalo kwa kawaida ni Kiingereza au Kiswahili. Kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, na kuendelea. Jumla ya masomo manne ni 48. Jumla ya masomo saba ya KCSE ni 84. Tangu mtihani wa 2023, hayo saba ni Hisabati, lugha moja, na matano bora yaliyobaki.

Makadirio hufanywa hivi: gawa pointi za masomo manne kwa 48, gawa jumla ya saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mwenye Biolojia A, Kemia A-, Hisabati B+ na Kiingereza B ana 42 kwenye manne. Kama jumla yake ni 74, basi 42/48 ni 0.875 na 74/84 ni 0.881. Zao lake ni 0.771, kipeo chake ni 0.878, na klasta yake ni kama 42.1. Haya ni makadirio ya kukusaidia kupanga tu. Alama inayotumika ni ile iliyo kwenye akaunti yako ya KUCCPS.

Kosa la kawaida ni kujaza nafasi zote kwa kozi za kiwango kimoja, udaktari juu hadi chini. Weka moja ya ndoto, mbili zinazolingana na klasta yako, na moja ambayo mwaka uliopita ilikata pointi kadhaa chini ya zako. Hiyo ya mwisho iwe biomedikali, bioteknolojia au afya ya umma, yaani kozi iliyo ndani ya mpango wako uleule. Usiweke kitu ambacho hutakisoma hata ukiitwa. Dirisha la kuhama chuo au kozi hufunguliwa baadaye, lakini kuhamia kozi ya afya hutegemea nafasi na alama zilezile zilizokukataa mwanzoni.

Ramani ya uniti

Hapa ndipo watu hufaulu au kuongeza mwaka. Wiki ya kwanza chuoni, kabla hujanunua hata sufuria, tafuta kitabu cha kozi cha idara na uchore ramani kwenye karatasi kubwa. Gawa safu tatu: uniti za sayansi pekee, za afya pekee, na za pande zote. Safu ya tatu karibu kila mahali hubeba haya: baiolojia ya seli, biokemia, fiziolojia ya binadamu, mikrobiolojia, jenetiki, takwimu za tiba, epidemiolojia na mbinu za utafiti. Uniti hizi ndizo mtaji wako, na ndizo za kupigania A. Nyingine B inatosha.

Kisha chora mishale: uniti gani haiwezi kusomwa bila ipi? Mnyororo mrefu kuliko yote ni wa kemia. Kemia ya jumla huzaa kemia ya kaboni, ambayo huzaa biokemia, ambayo huzaa baiolojia ya molekuli upande mmoja na kemia ya kliniki upande wa pili. Sasa fikiria umefeli kemia ya kaboni semesta ya pili. Uniti nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukikosa kufaulu sapu (mtihani wa marudio), unasubiri mwaka mzima, na nyuma yake zimepanga foleni uniti tatu za pande mbili. Anayefeli uniti ya mwisho wa mnyororo hurudia hiyo moja; anayefeli ya mwanzo hurudia mwaka. Muda wako wa kusoma uende kwa mfuatano huo. Mwaka wa kwanza, saa ya ziada ina thamani kubwa kwenye kemia kuliko kwenye anatomia, hata kama anatomia ndiyo yenye fahari.

Angalia pia alama za kupita. Vitivo vya sayansi kwa kawaida hupitisha kwa 40, vya afya kwa 50. Mwanafunzi anayesoma uniti za vitivo viwili huweza kupata 46, akafurahi, kisha akagundua uniti hiyo imeandikishwa upande wa afya. Uliza mwanzoni, si siku ya matokeo, uniti ya pamoja inahesabiwa kwa kanuni za kitivo kipi.

Saa nazo hudanganya. Kwa hesabu ya vyuo vyetu, saa moja ya mhadhara hulingana na saa mbili za tutoriali au saa tatu za maabara. Uniti ya saa 45 yenye maabara ya kutosha itakuweka kwenye jengo muda mrefu kuliko inavyoonekana kwenye ratiba. Uniti tatu zenye maabara katika semesta moja ni nyingi. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, zisizidi mbili, na moja iwe asubuhi. Maabara za kemia hupenda kukaa alasiri, na zamu za wadi zikiingia mwaka wa tatu hugongana nazo.

Umbali ni sehemu ya ratiba. Njoro na Nakuru mjini zimeachana kama kilomita 25. Maseno na Kisumu vivyo hivyo. Ukiwa na mhadhara unaoisha saa sita Njoro na maabara ya saa saba mjini, matatu haitakusubiri na wala haitaondoka kabla haijajaa. Idara mbili hazisomi ratiba ya kila mmoja. Mgongano ukitokea, peleka kwa mratibu wa ratiba ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa maandishi, ukiwa na majina ya wote walioathirika. Mtu mmoja akienda huambiwa avumilie. Kumi na wanane wakienda, chumba hupatikana.

Soma kwa mada, si kwa daftari la uniti

Faida ya kusoma pande mbili hupotea kama daftari la biokemia halijui daftari la wadi. Chagua magonjwa manne au matano ya ukanda huu na uyafungulie daftari yake yenyewe. Kila uniti inapoyagusa, andika humo.

Selimundu ndiyo mfano bora. Jenetiki itakufundisha kwamba herufi moja kwenye jeni ya beta globini imebadilika, GAG ikawa GTG. Biokemia itaongeza kwamba asidi ya glutamiki kwenye nafasi ya 6 imekuwa valini. Ya kwanza ina chaji hasi, ya pili haina. Maabara itakuonyesha matokeo ya hilo: kwenye elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme) ya pH 8.6, hemoglobini S, yaani ya selimundu, husonga polepole kuliko A, ya kawaida, kuelekea anodi (ncha chanya), kwa kuwa imepoteza chaji. Fiziolojia itaeleza kwa nini chembe hupinda oksijeni inapopungua. Famakolojia itakuletea haidroksiyurea, ambayo huongeza hemoglobini ya kitoto. Epidemiolojia itauliza kwa nini jeni hii ni ya kawaida kandokando ya Ziwa Victoria, na jibu ni malaria: aliye AS, yaani mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu, hukingwa dhidi ya malaria kali. Na kliniki itakutaka uwaeleze wazazi wawili walio AS kwamba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe, na kwamba kumpata mmoja hakumkingi anayefuata. Uniti saba, ukurasa mmoja. Mtihani ukiuliza upande wowote, jibu lako litakuwa na mizizi.

Malaria nayo ifundishe mikono. Slaidi ya damu inaonekana kazi ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha anayeelewa na anayekariri. Kwenye slaidi moja weka tone nene upande mmoja na utando mwembamba upande wa pili. Utando mwembamba huzamishwa kwenye methanoli ili chembe nyekundu zishikamane. Tone nene halipaswi kuguswa na methanoli, hata mvuke wake, kwa sababu chembe zake zinatakiwa kupasuka kwenye maji ya rangi ili vimelea vibaki peke yake. Wanafunzi huzamisha slaidi yote kwa haraka, kisha hulalamika kwamba tone nene ni jekundu na halisomeki. Kwa rangi ya Giemsa ya asilimia 10, changanya mililita 5 za rangi na 45 za bafa (maji ya kudhibiti tindikali) ya pH 7.2, na uache dakika 10. Bafa ikiwa na tindikali nyingi, rangi huwa ya waridi na viini vya vimelea hufifia. Rangi iliyochanganywa asubuhi isitumike jioni. Hutengeneza chembechembe ambazo macho mageni huziita vimelea.

Kuhesabu: kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, hesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe hadi zifike 200. Kama vimelea havijafika 100, endelea hadi chembe nyeupe 500. Zidisha vimelea kwa 8,000, gawa kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 150 kwa chembe nyeupe 200 ni 6,000 kwa kila maikrolita. Ile 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe za mtu wa kawaida, na mtoto mwenye maambukizi mengine anaweza kuwa na 15,000. Anayejua hilo ataandika matokeo kwa uangalifu, na hapo ndipo utaalamu wa sayansi unapomsaidia mgonjwa.

Kichocho kina somo kama hilo. Kwenye mbinu ya Kato-Katz ya kupima kinyesi, kibao cha kipimo chenye tundu hubeba miligramu 41.7 za kinyesi, ndiyo maana idadi ya mayai huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Slaidi hiyo isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60 ukitaka kuona pia mayai ya safura, kwa kuwa huyeyuka machoni baada ya hapo. Mayai ya kichocho hungoja. Anayesoma slaidi zake baada ya chakula cha mchana ataripoti kijiji kisicho na safura.

Kabla ya kuingia wadi

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ukianza wiki ya kwanza ya mwaka wa pili utakuwa umemaliza kabla ya zamu za hospitali. Wengi huanza wanapoona barua ya mazoezi, na huingia wadi wakiwa na dozi moja. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya tatu, pima kama mwili umetengeneza kinga.

Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda, na uripoti saa hiyohiyo kwa msimamizi. Dawa za kuzuia HIV hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na hunywewa siku 28. Kunyamaza kwa kuogopa kugombezwa ndiko kunakomdhuru mwanafunzi.

Nunua makoti mawili meupe ya mikono mirefu. La maabara likae maabara, la wadi likae wadi, na lolote kati ya hayo lisiingie mesi. Logibuku, yaani daftari la kurekodi mazoezi yako, isainiwe kila siku. Msimamizi anayeombwa sahihi za wiki nane kwa mkupuo ana haki ya kukataa, na wengine hukataa kweli.

Mradi wa mwaka wa mwisho

Hapa ndipo unaweza kuunganisha pande zote mbili kwa cheti kimoja. Chagua swali lenye sampuli za hospitali na mbinu za maabara, au takwimu za kliniki na uchambuzi wa kompyuta. Kisumu ina bahati: kituo cha utafiti cha KEMRI kiko Kisian, kwenye barabara ya kwenda Busia, na hospitali ya Jaramogi iko mjini. Eneo hili limekuwa uwanja wa utafiti wa malaria kwa miongo mingi, tangu majaribio ya vyandarua vyenye dawa kule Asembo hadi chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Omba nafasi ya mazoezi kwa barua fupi inayotaja mbinu unazozijua kwa mikono yako. Barua ya "niko tayari kujifunza chochote" huwekwa chini ya nyingine zinazofanana nayo.

Kinachochelewesha mradi mara nyingi ni kibali. Utafiti unaohusu watu au sampuli zao unahitaji idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na utafiti), na ruhusa ya hospitali au kaunti, kwa mfuatano huo. Kamati hukutana kwa ratiba yake na karibu kila mara hurudisha pendekezo lirekebishwe. Anza kuandika likizo ya kabla ya mwaka wa mwisho. Kama muda umekuishia, badilisha swali liwe la data iliyokwisha kukusanywa na isiyo na majina ya wagonjwa. Hata hiyo huhitaji idhini, lakini mara nyingi hupitia njia fupi. Kukusanya kwanza na kuomba kibali baadaye hakurekebishiki: kamati haitoi idhini ya kurudi nyuma, na data yote hutupwa.

Uchambuzi ufanye kwa R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure. Ijifunze mwaka wa pili kwenye uniti ya takwimu, wakati data ni ndogo na makosa hayana gharama.

Makaratasi ya kuondokea

Anayesoma kwenye vitivo viwili ana uwezekano mkubwa wa kupotelewa na alama, kwa sababu matokeo yake husafiri kutoka idara moja hadi nyingine. Hifadhi kila CAT (jaribio la katikati ya semesta) iliyosahihishwa, risiti ya kuandikisha uniti, na picha ya orodha ya waliosaini mtihani ikiwa ulisaini. Angalia transkripti ya muda kila mwisho wa mwaka. Alama iliyokosekana mwaka wa kwanza na mhadhiri bado yupo hupatikana kwa wiki moja. Ikigunduliwa wiki ya orodha ya mahafali, mhadhiri keshahamia chuo kingine, na wewe unasubiri mahafali yajayo.

Kwa kozi zenye bodi, uliza mapema kuhusu kuandikishwa kama mwanafunzi. Mabaraza kadhaa hutaka jina lako liingie kwenye vitabu vyao tangu mwanzo wa masomo, na asiye na namba hiyo hawezi kukaa mtihani wa leseni. Udaktari, famasia, shahada ya uuguzi na ya kliniki zina mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya leseni kamili. Nafasi hizo hutolewa na Wizara ya Afya, na wakati mwingine huchelewa. Miezi hiyo ya kusubiri itumie kwenye upande wako wa sayansi: kazi ya muda ya kuingiza na kuchambua data za mradi wa utafiti huwa haihitaji leseni, na inalipa.